Chonge Mbili za Chini

"Kozi gani?" kijana wa saiba ya intaneti pale Lurambi aliniuliza, vidole vyake tayari vikiwa juu ya kibodi.

"Ya meno," nikasema.

Nilisema hivyo kama mtu anayeagiza chai, jambo lisilohitaji maelezo. Kijana akaandika, akabonyeza, kisha akanigeuzia skrini nione. Kulikuwa na udaktari wa meno wenyewe, ambao alama zangu za kidato cha nne hazikuweza kuusogelea hata kwa salamu. Kulikuwa na teknolojia ya meno. Kulikuwa na afya ya kinywa. Kila moja ilirudiwa mara kadhaa, kwa sababu ilifundishwa katika mji huu na ule, na kila mji ulikuwa na namba yake.

"Sasa ni gani hapa?"

"Kwani si zote ni za meno?"

"Madam, hata mwenye kuuza ndizi na mwenye kupika ndizi wote ni wa ndizi."

Watu wawili waliokuwa foleni nyuma yangu wakacheka. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na siku hizo nilikuwa mbaya zaidi. Nilimwambia afunge ukurasa wangu, nikatoka nje bila kuchagua kitu. Ilikuwa Jumatatu. Mtandao wa kuchagulia vyuo ulikuwa ufungwe Ijumaa jioni, na baada ya hapo mtu angesubiri mwaka mzima au apelekwe mahali ambapo serikali ilikuwa na nafasi tupu. Pale Shirere tulipokuwa tukiishi kila ploti ya nyumba za kupanga ilikuwa na hadithi yake ya mtu aliyekosea namba. Jirani yetu mmoja alitaka uuguzi akajikuta anasomea samaki. Alimaliza, akahitimu, na hadi leo akiona samaki mezani anasogeza sahani.

Nilitaka meno. Hilo ndilo jambo pekee nililokuwa nalijua, na nililijua tangu utotoni.

Nililelewa na nyanya yangu Iguhu, mama yake mama. Mama alikuwa akifanya kazi Nairobi tangu nikiwa mchanga, na alikuwa akija Desemba na kuondoka kabla sijamzoea. Nyanya, ambaye tulimwita Kukhu kama watoto wote wa kwetu wanavyowaita nyanya zao, alikuwa mkulima kama majirani, mahindi na maharagwe na chai kidogo kule chini. Lakini watu hawakuja kwake kwa sababu ya mahindi. Walikuja kwa sababu alijua kutoa meno ya plastiki.

Kwa asiyetoka upande wetu nitaeleza. Mtoto mchanga anapoharisha, anapopata homa, anapokataa kunyonya na kulia bila kunyamaza, wanawake wengi wa kwetu humfungua kinywa na kumwangalia ufizi. Wakiona vivimbe vidogo vyeupe, husema hayo ndiyo meno ya plastiki, meno ya uongo yanayomla mtoto kutoka ndani, na yasipotolewa mtoto hataishi. Hospitali haiyajui, wanasema. Kwa hiyo mtoto anafungwa shuka na kupelekwa kwa mtu anayeyajua. Katika vijiji vyetu vitatu au vinne, mtu huyo alikuwa nyanya yangu.

Alikuwa na waya wa gurudumu la baiskeli alioupasha moto na kuunoa jiweni hadi ukawa mwembamba mbele. Aliuweka ndani ya kopo la majani ya chai lililokwisha, pamoja na chumvi na majani makavu aliyoyasaga mwenyewe. Mama wa mtoto alikaa kwenye kigoda. Nyanya alipiga magoti mbele yake. Na tangu nilipofika miaka saba au minane, mimi ndiye niliyeshika kichwa.

Nilikuwa hodari. Sisemi hivyo kujisifu, ndivyo ilivyokuwa. Binamu zangu walikuwa wakitetemeka au kukimbia damu ilipotoka, lakini mimi nilikishika kichwa cha mtoto kwa viganja viwili, kidevu juu, kimya, hadi nyanya amalize. "Huyu ako na mkono," alikuwa akiwaambia kina mama. "Mkono hufundishwi. Unazaliwanga nao." Hakuna mwalimu aliyewahi kunisifu hivyo. Nilikuwa wa kumi na kitu darasani, sikujua kuimba, sikujua kukimbia, lakini nilijua kushika kichwa. Mtu alipouliza ningependa kuwa nani nikikua, nilijibu meno, na kila mtu nyumbani alielewa.

Nirudi Jumatatu ile. Nilifika Shirere nikiwa bado nimenuna, nikamweleza mama mdogo yaliyotokea. Mama mdogo ni mdogo wake mama, fundi wa kushona sare za shule, na ndiye niliyekuwa nikikaa kwake tangu nimalize sekondari. Alinisikiliza bila kuondoa mguu kwenye cherehani.

"Chukua ya kutengeneza meno," akasema. "Watu watang'oka meno mpaka Yesu arudi. Utakuwa na kazi."

"Na hiyo nyingine?"

"Afya ya kinywa? Hiyo ni ya kuambia watu wapige mswaki. Kwani hawajui?"

Usiku kucha nilikuwa upande wa kutengeneza. Asubuhi nikawa upande wa kinywa. Wakati wa chakula cha mchana nilifikiria niachane na meno nisomee ualimu wa chekechea, kwa kuwa angalau huo ulikuwa na jina moja. Mama alinitumia ujumbe kutoka Nairobi: chagua kile roho inapenda. Nilikasirika. Roho yangu ilikuwa imeshapenda, kilichonishinda kilikuwa namba.

Mama mdogo ndiye aliyechoka kunisikia. Alikuwa akiwashonea sare watoto wa mwanamke mmoja aliyefanya kazi katika kliniki ya meno mjini, na akampigia simu. Jumatano asubuhi nikaenda.

Nilitarajia daktari mzee mwenye miwani. Nikampata mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mfupi, mwenye viatu vya mpira na sauti ya mtu asiyekuwa na wakati wa kupoteza. Alikuwa afisa wa afya ya kinywa, yaani alikuwa amesomea ile kozi ambayo mama mdogo aliiita ya kupiga mswaki. Aliniweka kwenye kiti pembeni, akaniambia nitazame na nisiguse kitu. Nilitazama asubuhi nzima. Alimkwangua mzee mmoja ugaga uliokuwa umekauka nyuma ya meno ya mbele, akamwonyesha vipande kwenye kitambaa, na mzee akatikisa kichwa asiamini kwamba ametembea na mawe yale miaka yote hiyo. Alimfundisha mvulana wa shule kupiga mswaki kwa kutumia meno makubwa ya mfano, na mvulana alipokosea alimrudisha mwanzo, mara tatu, bila kumkaripia. Nilipenda. Nilipenda mwanga ule mkali juu ya kinywa, na ukimya wa mtu aliyefungua mdomo na kukuamini.

Alipopata nafasi aliniketisha akanieleza. Mwenye teknolojia ya meno hukaa karakana, huletewa mfano wa kinywa cha mtu, na hutengeneza meno ya bandia kwa mikono. Ni kazi nzuri ya mtu mtulivu, na anaweza kumaliza mwezi bila kumwona mgonjwa. Afisa wa afya ya kinywa hukaa na watu. Husafisha, huziba, hung'oa yanayopaswa kung'olewa, kisha huenda shuleni, kliniki za kina mama na vijijini, kufundisha.

"Sasa wewe unapenda nini, vitu ama watu?" akaniuliza.

Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo, nadhani, ni mtu wa kwetu tu angeweza kulifanya. Nilitaka kumwonyesha kwamba mimi si mgeni wa kazi hii. Nilitaka ajue kwamba nina uzoefu. Nikakaa wima, nikasema kwa fahari yote, "Mimi nimeshafanya kazi na watoto wadogo. Nyanya yangu anatoanga meno ya plastiki. Mimi ndiye nilikuwa namshikia."

Alinitazama muda mrefu kiasi cha kunifanya nianze kutabasamu bila sababu. Na nilipotabasamu akainama mbele kidogo, akanionyesha kile kiti kikubwa kwa kidole.

"Kaa hapa. Fungua kinywa."

Nikakaa. Akawasha mwanga. Alihesabu kwa kugusa kila jino kwa kioo chake kidogo, taratibu, akafika chini upande wa kulia akasimama, akaenda kushoto akasimama tena.

"Chonge mbili za chini huna," akasema. "Ulizing'oa lini?"

"Sikung'oa. Nilizaliwa hivyo."

Ndivyo nilivyojua. Mapengo mawili, moja kila upande, na meno ya jirani yameegemea kuelekea huko. Shuleni waliniita Pengo, na nilipigana na wawili watatu kwa sababu hiyo. Nyumbani nilipouliza niliambiwa watu wengine hawaotangi hayo, na nikaridhika, kwa sababu mtoto huridhika haraka.

Alizima mwanga. Alichukua kalamu, akachora ufizi wa mtoto mchanga, na chini ya ufizi akachora meno yaliyolala yakisubiri zamu yao. Mahali pa vile vivimbe vyeupe akachora chonge, jino la utoto, na chini yake mbegu ya chonge nyingine, ile ya ukubwani. Hakuna meno ya plastiki, aliniambia. Hayakuwahi kuwepo. Kinachotolewa ni jino halisi ambalo bado ni laini, na waya ukizama sana unaharibu na la chini yake. Homa ilikuwa malaria, au kifua. Kuharisha kulikuwa maji machafu. Watoto wengine hupona kwa sababu wangepona tu. Wengine huvuja damu, wengine huingiwa na uchafu wa waya, na wengine hufika hospitali wakiwa wamechelewa, kwa sababu familia ilikuwa bado inasubiri meno yatolewe ndipo waone nafuu.

"Wengine hufa?" nikauliza.

"Wengine hufa."

Nilijaribu kufikiria vichwa nilivyoshika na vilipoishia. Sikumkumbuka mtoto hata mmoja kwa sura. Nilikumbuka uzito tu, na joto la nywele zao zikiwa na jasho. Waliondoka mgongoni mwa mama zao na sisi tukaendelea na palizi. Hakuna aliyewahi kurudi kutuambia mtoto amekufa, na sisi tulichukua hilo kama ushahidi kwamba wote walipona.

Yule mwanamke alinipa maji. Alisema bila ukali kwamba akienda vijijini sehemu kubwa ya kazi yake ni kuketi na akina nyanya kama wangu, kuwaomba waache. Wengine humfukuza. "Ukichagua hii kozi," akasema, "chagua ukijua kwamba utakuja kukaa mbele yake siku moja. Kama huwezi, ile ya karakana haina ubaya."

Nilitoka pale nikiwa sijui hata njia ya stendi. Nilikuwa nimeingia na swali moja, nikatoka na mengine ambayo hayakuwa kwenye skrini ya saiba. Kilichonichanganya zaidi ni hiki: kama ile kazi ilikuwa ya uharibifu, basi mapenzi yangu yalitoka wapi? Kila kitu nilichokipenda kuhusu meno nilikipendea pale, kwenye magoti ya nyanya, nikisifiwa mkono. Nikiziondoa siku zile za Iguhu, sibaki na sababu yoyote ya kusomea kinywa cha mtu.

Mama mdogo alikuwa akipiga pasi sare nilipofika. Nilimweleza kila kitu kwa mpigo mmoja, nikitarajia ashtuke. Hakushtuka. Aligeuza sketi upande wa pili.

"Watoto wangu mimi sikuwapeleka," akasema.

"Kwa hivyo ulijua?"

"Nilisikia kliniki, nikiwa na huyu wa kwanza. Nurse alituambia."

"Na hukuniambia? Mimi nilikuwa huko nikishika!"

"Ningemwambia nini mama yangu? Kwamba anaua watoto?" Aliweka pasi chini. "Nilikuwa nikienda kwake watoto wakiwa wazima tu. Mtoto akigonjeka nakaa Shirere mpaka apone. Hivyo ndivyo nilijua kufanya."

Nilimchukia kwa muda wa saa nzima hivi. Nakiri. Halafu nikaona kwamba ushauri wake wa karakana ulikuwa njia hiyohiyo, ya kukaa Shirere mpaka mambo yapoe, na mimi mwenyewe nilikuwa nimeanza kuipenda. Ningetengeneza meno ya watu nisiowaona. Nyanya angeniuliza nasomea nini, ningesema meno, na angefurahi, na hakuna ambaye angekuwa amesema uongo. Nilisimama dirishani nikijishawishi. Kufikia jioni nilikuwa karibu kufaulu.

Alhamisi nilienda Iguhu. Nilijiambia naenda kumuaga nyanya kwa kuwa kesho yake nachagua. Ukweli ni kwamba sikujua naenda kufanya nini.

Alinipokea kama kawaida, kwa kulalamika kwamba nimekonda. Alikuwa amepika obusuma, ugali wa kwetu, na mboga ya mrenda, akanikalisha, akakaa akinitazama nikila, ingawa kutazama kwenyewe kulikuwa kwa shida, maana mtoto wa jicho alikuwa ameanza kumfunika jicho la kushoto. Nikamwambia kuna kozi mbili, moja ya kutengeneza meno na moja ya kushughulikia kinywa cha mtu. Nilizieleza vizuri, nikaruka sehemu moja tu.

"Hiyo ya kutengeneza si yako," akasema bila kufikiri. "Wewe uko na mkono ya mtu. Chukua ya kinywa. Mimi hawakunipatianga karatasi, nilifanya tu. Wewe watakupatia karatasi, hata polisi hawatakuuliza."

"Kukhu, huko wanafundisha tofauti."

"Watafundisha tofauti na sindano ya hospitari. Lakini mkono ni hii hii."

Nilikata tonge jingine. Alikuwa na furaha. Alikuwa ameanza kuniambia kwamba lile kopo na ile dawa atanirithisha mimi, kwa sababu jicho lilikuwa likimzuia, na kwamba Mungu ni mwema kwa kuwa anastaafu mjukuu akiingia. Nilikaa pale nikila mrenda nikajiona mnafiki.

Sijui ningekaa kimya mpaka lini. Lakini hodi ikapigwa, akaingia mwanamke kijana na mtoto amefungwa mgongoni kwa leso. Walikuwa wametembea tangu asubuhi. Mtoto alikuwa akiharisha siku ya tatu, akasema, na mama mkwe ameangalia ufizi akaona meno. Alimshusha. Alikuwa mvulana wa miezi mitano au sita, na hakuwa akilia. Ningependa angekuwa akilia. Macho yalikuwa yameingia ndani, na mdomo ulikuwa mkavu.

Nyanya alinawa mikono. Akatoa kopo. "Njoo ushike," akaniambia, "na uniangalizie, hii jicho inanidanganyanga."

Nilikishika kile kichwa. Viganja vyangu vilikwenda vyenyewe, kidevu juu, kimya, kama zamani. Nikamfungua mdomo kwa kidole cha gumba na nikaona vile vivimbe viwili vyeupe, kila upande mmoja, mahali palepale ambapo kwangu kuna mapengo. Sijawahi kuona kitu kidogo hivyo kikanitisha hivyo.

"Sishiki," nikasema.

"Shika tu, hataumia sana."

"Kukhu, sishiki. Hizi ni chonge zake." Nikamgeukia yule mama na maneno yakatoka vibaya, kwa haraka, kwa sauti ya juu kuliko nilivyotaka. "Mtoto ameishiwa na maji. Mpeleke hospitali, si mbali, mpeleke sasa hivi."

Yule mama hakunitazama mimi. Alimtazama nyanya, na alikuwa na haki. Mimi nilikuwa nani? Msichana aliyemaliza shule, mwenye sahani ya mrenda pembeni.

"Nani amekwambia hivi?" nyanya akauliza.

"Daktari. Alinihesabu meno. Zangu hazikuota kwa sababu zilitolewa."

Sikusema na nani. Haikuhitajika. Nyanya aliweka waya chini juu ya mkeka, taratibu, kama kitu kinachoweza kuvunjika.

"Wewe ulikuwa unakufa," akasema. "Mama yako ameenda Nairobi, wiki mbili. Hospitari nilikupeleka, wakasema rudi kesho, daktari hayuko. Nikarudi na wewe kwa mgongo. Ulikuwa umenyamaza hivi, kama huyu. Nikasema sitakaa nikiangalia tu. Nikatoa. Na uliishi. Si ndiyo huyu wewe?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira zake, kwa matusi hata. Sikuwa nimejiandaa kwa hilo. Najua sasa kwamba si waya ulioniponya. Lakini alikuwa peke yake na mtoto anayekufa na mlango wa hospitali umefungwa, akafanya kitu alichokijua, na nikaishi. Nilisimama pale bado nimeshika kichwa cha mtoto wa mtu, nikitaka kumkumbatia nyanya na kumlaumu kwa pamoja, na sikufanya hata moja.

Ni yeye aliyeamua. Alimwambia yule mama, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mpeleke hospitari. Leo sina mtu wa kushika." Akaanza kurudisha vitu ndani ya kopo.

Nilimsindikiza yule mama. Hospitalini walimchukua mtoto moja kwa moja, wakaanza kumpa maji ya chumvi na sukari kwa kijiko, kisha wakamtundikia na mengine ya mshipani, na nesi akamgombeza mama kwa kuchelewa, huku mama akinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyemchelewesha. Nilikaa mpaka mtoto alipolia. Kilikuwa kilio dhaifu, cha kuudhika, na nilikifurahia kuliko nilivyofurahia matokeo yangu ya mtihani. Sikurudi kwa nyanya siku hiyo. Nilikuwa na aibu, na sijui aibu ya nini hasa, ya kumkataa au ya kuchelewa miaka yote hiyo kumkataa.

Ijumaa nilikuwa Lurambi kabla saiba haijafunguliwa. Yule kijana alinikumbuka.

"Madam wa ndizi. Umeamua?"

Nilimpa namba ya afya ya kinywa iwe ya kwanza. Chini yake, kwa woga tu, nikamwambia aweke teknolojia ya meno. Aliniuliza kama nina uhakika, maana akibonyeza amebonyeza. Nikamwambia sina, na abonyeze.

Niliitwa kozi ya kwanza. Barua ilipotoka nilikwenda Iguhu Jumapili, na nyanya akaisikiliza nikimsomea mwanzo hadi mwisho, pamoja na orodha ya vitu vya kubeba, ndoo na shuka na koti jeupe. Akasema koti jeupe linachafuka haraka. Hilo tu. Tangu siku ya yule mtoto hatukuwa tumelizungumzia jambo lile, wala sikujua kama watu bado walikuwa wakija. Sikuthubutu kuuliza.

Baada ya ibada tulisimama nje ya kanisa, na kina mama wa chama chake wakatuzunguka kunipongeza. Mmoja akamwuliza nyanya nimeitwa kusomea nini.

"Anaenda kusomea kunikataza," nyanya akasema.

Walicheka. Nyanya alijulikana kwa utani. Nilimwangalia usoni nione kama amenisamehe au amenilaani, na sikuona lolote kati ya hayo mawili. Mwanamke mmoja mdogo, aliyekuwa na mtoto mgongoni, ndiye peke yake ambaye hakucheka.

"Sasa watoto tutaletanga kwa nani?" akauliza.

Nyanya alinyanyua kidevu kunielekea mimi, na wote wakageuka, na yule mwanamke akaanza kulegeza leso amshushe mtoto nimwone. Nilikuwa bado sijasoma hata siku moja.